Fundi Havuji na Lori Lililokunywa Petroli

Ukitaka kumwona Fundi Havuji amekasirika, nenda gerejini kwake umwambie kazi yake inavuja. Hatakutukana, matusi si tabia ya mwanamke huyu. Ataweka spana chini, atajifuta mikono kwa kitambaa, atakusogelea na kukuuliza kwa upole unaotisha, "Inavuja wapi? Nionyeshe." Basi utainama chini ya gari lako kutafuta tone la maji, utatafuta mpaka shingo ikuume, na hutaliona. Hapo ndipo anapotamka yale maneno yaliyompa jina: "Cha kwangu hakivuji." Jina alilopewa na wazazi lipo, ila siku hizi anayelitumia ni mama yake peke yake, tena akiwa na la kumgombeza.

Najua kuna mtu ameshajiuliza, mwanamke huyu ni fundi wa nini, wa nguo au wa nywele. Wa magari, bwana, na si wa kujaza upepo tu. Watu wanamletea magari ya zamani yenye kabureta, yale ambayo ukiyaonyesha mlima yanaanza kukohoa kabla hayajaufikia. Yeye anang'oa kabureta na kufunga mfumo wa kisasa wa kompyuta na nozeli za kunyunyizia petroli, na gari lililoingia likikohoa linatoka limetulia, linakunywa kidogo na kuvuta zaidi. Wanaofunga mifumo hiyo wako wengi. Wanaoifunga na gari lisirudi kesho yake ni wachache, na yeye ni mmoja wao.

Sasa, kompyuta ya gari ina akili lakini haina ngozi. Haijui kama injini ni baridi au ni ya moto mpaka iambiwe. Anayeiambia ni sensa ya joto la maji. Si ile sensa ya kuhesabu watu majumbani. Hii ni kidude cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba, kinafungwa ubavuni mwa injini ncha yake ikazama ndani ya maji ya rejeta. Maji yakiwa baridi, sensa inasema baridi, na kompyuta inamwaga petroli kwa ukarimu ili injini iamke, kama zamani dereva alivyovuta choki asubuhi. Maji yakipata moto, sensa inasema moto, na kompyuta inabana mkono. Kazi yake ni hiyo tu. Ila ikidanganya, hakuna wa kuibishia, na injini nzima itaishi kwa uongo huo.

Kwa hiyo Havuji haamini sensa ya mtu. Haamini hata iliyotoka dukani ndani ya karatasi yake. Pembeni ya gereji ana jiko dogo na sufuria iliyopinda mdomo, na kila sensa lazima ipite humo kabla haijagusa injini. Anaipima kwenye maji baridi, anaipima kwenye maji ya vuguvugu, anaipima maji yakitokota, kipimajoto mkono mmoja na mita ya umeme mkono mwingine. Ikibabaika hata kidogo, inatupwa kwenye ndoo ya mabovu. Mumewe ni fundi cherehani, ana kibanda chake ukuta kwa ukuta na gereji, na kila mteja mpya akishangaa ile sufuria yeye huchomoza kichwa dirishani na kusema, "Huyo ndiye mke wangu. Anapika kutwa nzima, na mimi nalala njaa."

"Njoo uonje," Havuji humjibu bila kuinua macho. "Leo ni supu ya shaba."

Ufundi wa magari hakuuanzia kwenye magari. Baba yake alikuwa fundi bomba, na yeye, binti wa kwanza, alikua akimbebea mfuko wa vifaa nyumba kwa nyumba. Alifunga mabomba ya jikoni na ya bafuni kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Marehemu alimfundisha jambo moja kuliko yote: nyuzi za bomba hazifungwi tupu. Unachukua tepu nyeupe, ile nyembamba ya mabomba, unaizungusha kwenye nyuzi kwa kufuata upande wa kufungia, unaivuta ikae kama ngozi, ndipo unakaza. "Nyuzi bila tepu ni mlango bila komeo," alizoea kusema mzee yule. Havuji alipohamia kwenye injini alihama na tepu yake mfukoni. Kila kinachoingia kwenye maji ya rejeta alikivika tepu kwanza, kwa unadhifu wa mtu anayemvalisha bibi harusi. Mafundi wengine walikuja kutazama. Na kweli, vya kwake havikuvuja.

Basi akaja Tajiri. Ndivyo anavyoitwa mwenye yadi ya mbao kule juu barabarani, mtu wa makamo, mwenye sauti kubwa na moyo usio mbaya, ila ana pupa ya kuhukumu. Alikuwa na lori la petroli alilorithi kwa baba yake, kuukuu lakini imara, linalobeba mbao kuzipeleka kwa wajenzi upande wa pili wa mlima. Lilikuwa linakunywa kama limelaaniwa. Kila mtu alimshauri aliuze kama chuma chakavu, akakataa, akalileta kwa Havuji. Havuji akalifungia nozeli na kompyuta, akachemsha sensa yake sufuriani, akaivika tepu, akaikaza. Lori likatoka gerejini linanguruma kwa adabu, na kwa muda Tajiri alikuwa akisimamisha watu njiani kuwaeleza jinsi petroli ya safari moja sasa inavyotosha na kubaki.

Dereva wa lori hilo alikuwa mzee mmoja mrefu, mkimya, wanamwita Taratibu. Alipewa jina hilo na wapakiaji kwa sababu hajawahi kukimbiza gari hata siku moja, na hakuwahi kuangusha ubao hata mmoja pia. Alimwendeshea baba yake Tajiri, na sasa anamwendeshea mwana. Alikuwa na mazoea ya kuligonga lori ubavuni kwa kiganja kabla ya kupanda, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi.

Ni Taratibu huyu aliyerudi gerejini siku moja, kofia mkononi.

"Fundi," alisema, "sitaki kukusumbua. Lori likiwa na mzigo, tukifika katikati ya mlima linaanza kutoa moshi mweusi. Petroli inanuka mpaka nguoni. Na nikilizima likiwa la moto, haliwaki tena mpaka lipoe."

Havuji hakupenda kusikia hivyo, lakini kazi ni kazi. Alifungua sensa, akaiweka sufuriani. Maji baridi, sawa. Vuguvugu, sawa. Yakatokota, sawa kabisa, sensa haikubabaika. Alitazama plagi akaziona nyeusi tititi kwa masizi. Akakuna kichwa, akafikiri, akapata jibu alilolipenda: mzee anaacha injini ikinguruma huku anapiga soga na wapakiaji. Alisafisha plagi. Akaivika sensa tepu mpya, safari hii akaizungusha zaidi, asije mtu akasema inavuja, akaikaza kwa nguvu. Akawasha. Lori likatulia kama mtoto aliyeshiba.

Jioni ile Tajiri alipiga simu. Aliuliza swali moja tu, kama lori lina ubovu. Na Havuji, mwenye sufuria yake na jina lake, akajibu, "Gari langu ni zima. Kama petroli inapotea, haipotelei kwenye injini."

Maneno hayo aliyasema akiwa anakoroga uji, akayasahau kabla uji haujaiva. Lakini maneno ni kama magugu, hayahitaji kumwagiliwa. Kesho yake yadi nzima ilikuwa inajua kwamba fundi amesema petroli haipotelei kwenye injini. Sasa kama haipotelei kwenye injini inapotelea wapi? Inauzwa. Na nani? Anayeshika ufunguo. Lisemwalo lipo, walisema wapakiaji, kama halipo laja. Mama muuza chai wa getini akakumbuka kwamba mzee siku hizi ananuka petroli. Mlinzi naye akakumbuka kwamba amewahi kumwona na dumu, japo dumu lenyewe lilikuwa la maji. Lori likaendelea kunywa, na kila tangi lililokauka likawa shahidi mwingine dhidi ya mzee wa watu.

Tajiri, kwa heshima ya marehemu baba yake, hakutaka kumpeleka polisi. Alimwekea mzee mambo mawili mbele yake. Ama asimame asubuhi mbele ya wenzake wote, akiri na kuomba radhi, naye atamsamehe na atabaki na kazi yake. Ama aendelee kukana, na aondoke siku hiyohiyo, na kila mwenye lori mjini aambiwe kwa nini. Akampa mapumziko ya mwisho wa wiki kufikiri.

Havuji hakuyajua haya. Wallahi hakuyajua. Aliyajua asubuhi ile mke wa Taratibu alipoingia gerejini, mama mnene, mpole, amejifunga khanga mbili kama mtu anayekwenda msibani.

Havuji alikuwa ameinamia gari dogo la mwalimu wa jirani, gari la mfumo uleule, sensa yake ndiyo kwanza ameivika tepu na kuifunga. Alimkaribisha mama kwenye kigoda.

"Sikai, mdogo wangu," mama alisema. "Nimekuja kukuomba. Mzee wangu amekubali. Leo asubuhi hii anakwenda kukiri. Wewe Tajiri anakusikiliza. Mwombee kwake, asije akamsamehe mdomoni halafu akamfukuza mwezi ujao."

"Kukiri nini?"

"Petroli."

Havuji alinyooka. "Kwani kaiba kweli?"

"Wewe si ndiye uliyesema?" Mama alisema hivyo bila ukali wowote, na hilo lilichoma zaidi. "Mimi mwanzo nilimkatalia kila mtu. Lakini kila siku anarudi ananuka petroli, mpaka shuka zinanuka. Kaka zangu walikuja kumkalisha kitako. Nami nikamwambia, baba, kuomba radhi hakuui, watoto bado wanasoma. Akawa ananijibu lilelile. Kwamba lori likiwa baridi linawaka vizuri, likiwa la moto linakataa. Kwamba ni moshi, ni moshi. Jana usiku akanyamaza. Akasema basi, nitakiri."

Alipomaliza kusema aliaga, akatoka kuelekea yadini kwa miguu. Havuji akabaki amesimama.

Likiwa baridi linawaka, likiwa la moto linakataa. Maneno hayo aliambiwa gerejini hapahapa, akayasikia kwa sikio moja. Injini ya moto inayokataa kuwaka huku ikinuka petroli ni injini iliyofurika petroli. Na injini ya moto inafurika kwa sababu moja: kuna anayeiambia kompyuta kwamba ni baridi. Lakini sensa ile ameichemsha mara ngapi? Sensa ni nzima. Sensa haidanganyi.

Alitazama sensa ya gari la mwalimu, imekaa ubavuni mwa injini, shingo yake nyeupe kwa tepu, inapendeza. Na hapo mkono wake ukafanya jambo ambalo haukuwahi kufanya kabla. Siku zote alipopima sensa sufuriani, alibana waya mmoja wa mita kichwani mwa sensa na mwingine kwenye mwili wa sensa yenyewe. Safari hii alibana mmoja kichwani, na mwingine akaugusisha kwenye chuma cha injini.

Mita haikusoma kitu.

Akahamisha waya kuurudisha kwenye mwili wa sensa, mita ikasoma vizuri. Akaurudisha kwenye injini, kimya. Havuji akakaa chini pale pale sakafuni, kwenye oili.

Maana sensa hizi ni za waya mmoja. Umeme unakuja kwa waya huo, unapita ndani ya sensa, na ukitaka kurudi unapita kwenye mwili wake, nyuzi za shaba zikiwa zimegusana na chuma cha injini. Njia nyingine haina. Na katikati ya shaba na chuma, yeye kwa mikono yake alikuwa anaweka tepu. Mara nyingi nyuzi zilitoboa tepu zikagusana hivyohivyo, ndiyo maana magari mengine yalitembea salama. Lakini lori lenye mzigo, likitikiswa na kuchemka mlimani, lilikuwa linaachia. Na kompyuta isiposikia kitu, inadhani injini imeganda kwa baridi, inamwaga petroli bila huruma. Kisha lori linaletwa gerejini, yeye anaivua sensa, anaichemsha, anaikuta nzima, na anairudisha na tepu nene zaidi. Nyani haoni kundule. Kosa lile hakuna fundi mwingine ambaye angeweza kulifanya, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nadhifu kiasi hicho.

Nisiwadanganye kwamba aliinuka palepale na kukimbia kama malaika. Alikaa. Ilimpitia akilini, na mwenyewe amekiri baadaye kwa mumewe, kwamba angeweza kunyamaza. Mzee anakiri, anasamehewa, anabaki na kazi. Lori litaletwa tena siku moja, yeye atatoa tepu kimyakimya, petroli itaacha kupotea, na watu watasema mzee ameacha tabia yake. Nani angejua? Jina la Havuji lingebaki safi. Na Tajiri alikuwa ameahidi kumletea malori mengine mawili.

Mumewe alichomoza kichwa dirishani, akamwona pale chini. "Umeanguka?"

"Bado," Havuji alisema. Akainuka, akachukua kipande cha waya na mita, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

Aliikuta yadi imejaa. Wapakiaji wamesimama karibu na magogo, muuza chai ameacha birika lake, mlinzi ameliacha geti wazi. Mke wa mzee alikuwa amefika, amesimama kando ya nguzo ya geti na upindo wa khanga mdomoni. Tajiri alikuwa mbele yao, na Taratibu mbele ya Tajiri, ameinamisha kichwa. Havuji alijua kabla hajauliza kwamba amechelewa.

"Fundi, karibu," Tajiri alisema. "Umekuta tumemaliza. Mzee amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nimemsamehe. Hakuna aliyemlazimisha."

"Hajaiba," Havuji alisema.

"Mwenyewe kasema ameiba."

"Nimesikia. Hajaiba. Petroli yako imechomwa na lori, na aliyelifundisha lori kuichoma ni mimi."

Minong'ono ilianza. Mpakiaji mmoja akacheka, akidhani ni utani wa fundi, maana Havuji anajulikana kwa utani. Havuji hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akafungua boneti, akamwita mzee.

"Mzee wangu, liwashe. Likanyage mpaka lichemke."

Taratibu alimwangalia Tajiri kwanza, kuomba ruhusa. Hilo lilimuuma Havuji rohoni, kuona mtu aliyeendesha lori miaka yote hiyo anaomba ruhusa ya kuligusa. Tajiri akatikisa kichwa kukubali. Lori likawaka, baridi, zuri, bila kosa. Walisubiri. Mzee alikanyaga, akaachia, akakanyaga, boneti ikatetemeka, na injini ilipochemka sawasawa moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye ekzosi, mwembamba kwanza, kisha mzito, ukafunika magogo. Harufu ya petroli ikawafikia hadi waliokuwa getini. Muuza chai akaziba pua.

"Harufu ndiyo hiyo," Havuji alisema. "Kila anayekaa nyuma ya usukani huu atarudi nayo nyumbani. Tajiri, sogea hapa. Shika waya huu."

Tajiri alisita, akashika. Havuji akamwelekeza: ncha moja kwenye mwili wa ile sensa, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Tajiri akagusisha. Injini iliyokuwa inatetemeka kama mgonjwa wa homa ikababaika kidogo, kisha ikashusha sauti, ikatulia. Moshi ukapungua, ukawa wa kijivu, ukaisha.

"Toa waya."

Akatoa. Baada ya muda kidogo moshi mweusi ukarudi.

"Rudisha."

Tajiri alirudisha mwenyewe bila kuambiwa tena. Akautoa tena, akaurudisha, mtu mzima na sauti yake yote, ameinama chini ya boneti na kipande cha waya. Wapakiaji wakasogea mmoja mmoja kuangalia.

Havuji aliwaeleza. Alieleza tepu, na baba yake, na sufuria, na jinsi mzee alivyokuja kumwambia ukweli akiwa na kofia mkononi, naye akampuuza na kujipa jibu lake mwenyewe. Hakujipunguzia. Alisema, "Niliulizwa kwenye simu, nikasema gari langu ni zima. Neno lile ndilo lililomfanya mzee huyu kuwa mwizi. Mnaosema 'fundi alisema,' ni kweli nilisema. Na nilikosea." Akamgeukia Tajiri. "Tajiri, malori yako mengine usilete kama hutaki. Hasara ya petroli tutazungumza mimi na wewe. Lakini jambo moja nakuomba. Huyu amesimama mbele ya watu hawa akasema yeye ni mwizi. Na wewe simama mbele ya watu hawahawa, useme si mwizi. Kwa sauti ileile."

Hapo ningewashauri mmwogope Tajiri, kwa sababu watu wa pupa wakiaibika huwa wakali. Na kweli uso ulimbadilika. Alijifuta masizi kwenye suruali yake nzuri, akatazama chini, akatazama wapakiaji. Kisha akasema, na hakusema kwa siri. Alisema mzee hakuiba hata tone, kwamba yeye Tajiri alihukumu kabla ya kuchunguza, na kwamba yeyote atakayemwita mzee huyu mwizi kuanzia leo atakuwa amemtukana baba yake Tajiri kaburini. Mlinzi akatazama viatu vyake. Muuza chai alianza kulia, ingawa hakuna aliyemtaja.

Havuji aliufunga ule waya kwa skrubu, imara, mpaka hapo atakapoivua sensa yenyewe na kuifunga upya chuma kwa chuma. Kisha akafunika boneti.

Taratibu alisikiliza yote mpaka mwisho. Hakuruka, hakushangilia, hakumlaumu mtu. Alivaa kofia yake, akauliza mzigo wa leo unakwenda wapi. Mtu akamwambia. Akapanda kwenye lori, akarekebisha kioo.

Tajiri alimfuata mpaka mlangoni, akashika dirisha. "Lakini mzee," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "kama hukuiba, ulisema umeiba kwa nini?"

Mzee alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Kila mtu alikuwa ameshasema, bosi," alijibu. "Nilikuwa nimebaki mimi tu."

Havuji alijua orodha hiyo ilianza na nani. Alitamani ardhi ipasuke. Alibaki amesimama hapohapo, akamtazama mzee usoni, kwa sababu aliona kuinamisha macho kungekuwa kumkimbia mara ya pili. Mzee akampungia mkono kidogo. Akatia gia.

Mlinzi alikuwa bado amesimama na wengine pale kwenye magogo, na upepo ulikuwa umelirudisha geti likajifunga. Mke wa Taratibu ndiye aliyelisukuma, kwa mikono miwili, akalishikilia wazi mpaka lori likapita.